Nyigu Aliyekosa Jina la Mtani Wangu

Watu wakisikia neno nyigu hurudi nyuma. Huwa nawaambia watulie, huyu wangu hana habari nao. Ni mdogo kuliko punje ya chumvi, mweusi, miguu yake ina rangi ya asali, na ukimwona kwa macho matupu utadhani ni vumbi limeamua kutembea. Haumi mtu wala hajengi nyumba darini kwako. Kazi yake ni kutafuta mayai ya kunguni wa kunde. Akilipata yai hulitoboa, hutaga la kwake ndani, na mtoto wake hukua humo akila alichokikuta. Siku ya kuanguliwa, anayetoka si kunguni tena.

Kwenye vitabu vya sayansi ana jina la Kilatini ambalo maana yake ni "wa Tura", kwa sababu tulimpata Tura, kituo cha reli mashariki ya Tabora. Ni jina safi. Wenzangu kazini walinipongeza, padri wetu kule Ntalikwa alinitaja kanisani baada ya matangazo, na mama yangu anajivunia mpaka leo ingawa anaamini niligundua dawa. Mimi nikiliona jina lile limechapishwa naudhika upya kila mara. Si hilo tulilomkusudia. Alikuwa apewe jina la mtani wangu, na mtani wangu amekufa bila kulipata.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye alikuwa Mgogo. Kwa mtu wa huku kwetu sentensi hiyo inatosha, lakini wa mbali nitamfafanulia. Zamani za misafara, watu wetu walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora kwenda pwani na kurudi, na hapakuwa na njia ya kukwepa Ugogo. Huko maji yalikuwa ya shida, na wenyeji walimtoza kila apitaye hongo, yaani ushuru wa njia, kabla neno hilo halijaharibika likawa rushwa. Wakagombana, wakapigana, wakauziana nafaka, wakazikana njiani, na ugomvi wote ule ukaishia kuwa utani. Hadi leo Mgogo anaweza kunitukana mbele ya watu na sina ruhusa ya kununa. Namrudishia lake, basi. Na akifiwa, mimi ndiye napaswa kufika kuwachekesha waliao na kushika kazi ambazo huzuni imewashinda.

Nilimkuta siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha utafiti wa mazao nje kidogo ya mji. Nilikuwa msichana niliyetoka chuo, nimevaa viatu vipya vinavyobana. Yeye alikuwa mtafiti wa siku nyingi, baba wa watu, amejiinamia juu ya makopo ya plastiki akiwalisha kunguni maganda mabichi ya kunde. Nikamwamkia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibu. Nyumbani wapi?"

"Ntalikwa."

"Ntalikwa ya hapa hapa? Kwa hiyo wewe Mnyamwezi."

"Ndiyo, mzee."

Akaweka kopo chini. "Ala! Hebu nirudishie marahaba yangu."

"Samahani?"

"Nirudishie marahaba yangu, na wewe chukua shikamoo yako. Tangu lini pagazi akamwamkia Mgogo? Pagazi anatua mzigo, anatoa hongo, ndiyo anafunguliwa mdomo."

Mimi nina hasira za karibu, na wakati ule zilikuwa karibu zaidi. Nikasahau viatu, nikasahau kwamba ni siku ya kwanza. "Wee gogo wee! Mtu mzima unafuga kunguni kazini, wale wa kitandani kwenu wameisha?"

Maabara nzima ikacheka, yeye akiwaongoza. Akanipa kiti. Tangu siku hiyo sikumpa shikamoo tena, miaka yote, japo angeweza kunizaa. Asubuhi aliniambia "Mbukwa, Pagazi", nami nikajibu "Mwangaluka, Gogo", kila mmoja kwa salamu ya kwao, tukaingia kazini. Majina yetu yalibaki kwenye mafaili ya ofisi. Alipokuja mkuu mpya wa kituo, mtu wa kaskazini, alitusikia siku mbili tatu akatuita ofisini kwake kutupatanisha. Alikuwa ameandaa na soda. Tulizinywa, tukamshukuru, tukatoka tukitukanana.

Kazi tuliigawana kwa maumbile. Yeye alikuwa hodari wa kufuga. Mdudu aliyekufa mikononi mwa kila mtu, kwake aliishi na kuzaa. Hadubini ilimshinda, alisema inamtia kizunguzungu kama treni. Mimi hata mimea ilinifia, lakini nikikaa kwenye hadubini naweza kusahau chakula cha mchana. Mara nyingi yeye ndiye alikuja kunitoa pale, akigonga meza: "Pagazi, tua mzigo, ugali unapoa."

Msimu mmoja tulikwenda Tura kuangalia kunguni wanaofyonza maganda ya kunde, maana wakulima walikuwa wanalia. Tura iko kwenye ile njia ya zamani. Wapagazi wakifika hapo kutoka Tabora walijua Unyamwezi unaishia, mbele kuna pori kavu, na baada ya pori kuna Wagogo. Mtani wangu alisimama pembezoni mwa shamba akaangalia mashariki. "Hapa ndipo babu zenu walianza kutetemeka," akasema. Tulikuwa tumepiga magoti kwenye kunde, tukichuma majani yenye mayai ya kunguni, madogo, ya rangi ya shaba, yamepangwa vizuri kwenye upande wa chini wa jani. Tukarudi nayo Tabora kwenye vijichupa vilivyozibwa kwa pamba.

Mengine yalianguliwa kunguni, kama ilivyo kawaida. Mengine yakawa meusi, yakakaa kimya, halafu asubuhi moja nikasikia kelele kutoka chumba chake cha ufugaji.

"Pagazi! Njoo uone, kunguni wangu wamezaa nje ya ndoa!"

Kwenye kijichupa kulikuwa na vinukta vyeusi vinapanda na kushuka kwenye kioo. Mayai yalikuwa na matundu ya mviringo. Nyigu wa mayai si wageni kwetu, nilishawaona wa aina kadhaa, kwa hiyo nilimchukua mmoja nikamweka chini ya hadubini nikitegemea kumtaja jina na kwenda kunywa chai. Sikuweza. Uso wake ulikuwa na mistari mahali ambapo ndugu zake wana ngozi laini, na mgongoni, nyuma ya mabawa, palikuwa na kishimo kidogo nisichokijua. Nikatoa vitabu. Nikapitia picha za wale wa Afrika Magharibi, wa kusini, wa India. Kile kishimo hakikuwepo popote.

"Anaitwaje?" mtani wangu akauliza.

"Haitwi," nikamjibu.

Kumtambulisha mdudu mpya kwa ulimwengu si kumpiga picha tu na kushangilia. Lazima uthibitishe kwamba hakuna aliyekutangulia. Unaeleza mwili wote, kipande kwa kipande, kuanzia vipapasio vya kichwani mpaka ncha ya tumbo, jike kwa lake na dume kwa lake. Halafu unachagua jike mmoja aliye mzima, unamgandisha kwa gundi kwenye ncha ya kipande cha karatasi, na huyo ndiye anayebeba jina. Wengine wote wakipotea, jina linabaki kwake. Nilimchagua jike mmoja mwenye mabawa yaliyotulia vizuri, nikamgandisha. Tukatuma wenzake kwa mtaalamu wa ng'ambo ambaye amezeeka na nyigu wa aina hii. Alijibu kwamba ni mpya kabisa, akakubali tuandike pamoja, sisi wawili na yeye.

Siku jibu lilipofika tulikuwa tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kivulini nyuma ya maabara.

"Basi mwite Mnyamwezi," mtani wangu akasema. "Ona kichwa kilivyo kikubwa, na hamna kitu ndani."

"Huyu si wetu. Angalia tabia yake. Halimi, hachimbi, hajengi. Anakaa njiani, mwenye mayai yake akipita anamchukulia. Hiyo ni nini kama si hongo? Huyu Mgogo, tena Mgogo wa ukoo."

Alicheka mpaka michembe ikampalia, nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi akaniambia, "Mpe jina langu."

"Unatania."

"Nimeacha kutania. Babu zenu walitupa sisi jina kabila zima, wala hawakutuuliza. Eti walitukuta tumekaa juu ya magogo. Wewe nipe hili moja ambalo nimeulizwa." Kisha akainua kidole. "Lakini uandike na sababu. Andika tusi lote kama ulivyolisema. Jina bila tusi lake litakuwa la mtu mwingine."

Nikamwahidi. Tulipeana mikono yenye unga wa michembe. Sijawahi kumwona mtu akifurahia tusi kiasi kile. Alimwambia mke wake, akawaambia wanae, akawaambia waumini wenzake kanisani kwamba kuna mdudu mwizi wa mayai atakayeitwa kwa jina lake mpaka mwisho wa dunia. Alipostaafu na kurudi kwao upande wa Dodoma, hiyo ndiyo habari aliyorudi nayo kijijini. Simu zake zote zilianza kwa swali moja: "Mdudu wangu kabatizwa?"

Bado, nilimwambia kila mara. Mambo haya yanakwenda polepole. Yeye alianza kuumwa figo, akawa mtu wa hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali, na sauti yake kwenye simu ikapungua unene. Swali halikubadilika. Sasa nilikuwa na haraka ambayo sikuwa nayo mwanzo. Nilitaka alione jina limechapishwa, alishike mkononi, awasomee watu tusi lake akiwa mzima.

Andiko likaenda kwa mhariri wa jarida. Sehemu ya jina niliiandika kwa uangalifu wote: kwamba nyigu huyu amepewa jina la mtani wa mwandishi, Mgogo, kwa kuwa naye hukaa njiani akitoza hongo kwenye mali ya wengine bila kushika jembe. Nikaongeza maelezo mafupi kuhusu utani. Nilijisifu moyoni, nikaona nimeandika kitu chenye uhai katikati ya vipimo vya miguu.

Majibu yalisema maelezo ya mwili ni mazuri na picha ni nzuri, ila jina halikubaliki. Linamdhalilisha mtu aliye hai na kabila lake. Kanuni zinataka waandishi waepuke majina ya kuudhi. Loo! Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nani kaudhika? Mwenyewe anangoja kwa hamu, ninyi huko mnaudhika kwa niaba yake! Nikawaandikia ukurasa mzima juu ya utani, misafara, mazishi, kila kitu. Mhariri alinijibu kwa adabu kwamba amenielewa, lakini msomaji hatanielewa. Mtaalamu wetu wa ng'ambo, ambaye ni mtu mwema, akaja na njia ya katikati: tuliache jina lile lile, tuondoe sababu, tuandike tu kwamba limetolewa kwa heshima ya mtafiti huyo.

Nikampigia mtani wangu. Nilijua ugumu uko wapi, hivyo nilianza kwa mbali, lakini alinikata.

"Kwa heshima?"

"Ndiyo. Jina litabaki."

"Kwa heshima ya nani?"

"Yako, Gogo."

Nikasikia mashine ikilia mahali pale alipolala. "Pagazi, wewe umewahi kuniheshimu?"

"Hata siku moja."

"Basi usianze sasa. Mtani anaheshimiwa akishalala sandukuni. Siku ukinisifu nitajua madaktari wamekwambia kitu ambacho mimi wamenificha. Waambie hao wazungu wako tusi langu ni langu. Wakilikataa, mdudu akae bila jina, nitamngojea."

Ningembishia, angenisikiliza? Hakuwa mtu wa hivyo. Na ukweli ni kwamba nilikuwa upande wake kabisa. Nikamwandikia mtaalamu wetu nikamwomba muda, nikamwambia nitatafuta maneno mengine yatakayompendeza mhariri bila kumuua mtani wangu. Wakati nayatafuta nikatumwa Choma, kwa wakulima na wafugaji wa Igunga, kwenye kazi ya viwavi waliovamia mahindi. Huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha, unapanda kichuguu, unainua simu, unashuka bila kitu.

Nilipotoka huko na kufika penye mtandao, ujumbe ulishuka wote kwa pamoja, simu ikawa inatetemeka mfukoni kama imepata homa. Mhariri alikuwa ametoa siku ya mwisho. Mtaalamu alinitafuta, akanitafuta, akanikosa, na akaogopa andiko lote litatupwa. Akaweka jina la mahali, lisilomgusa mtu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa na andiko lenyewe limeshatoka, na neno moja: Hongera.

Nilikaa kwenye benchi la duka la watu. Wa Tura. Tulibishana miaka kama Tura ni mlango wa kwetu au wa kwao, na sasa nyigu ameandikwa kwa jina la mahali, upande wetu, kana kwamba nimeshinda. Niliuliza kama linaweza kubadilishwa, nikijua jibu. Kwenye kazi yetu jina likishatangulia limetangulia. Ataitwa hivyo hata tutakapokuwa sisi sote tumesahauliwa. Sikumlaumu sana yule mtaalamu. Nililaumu mtandao, viwavi, Igunga yote, halafu hasira ikaisha nikabaki na kazi ya kwenda kumwambia.

Nilisema sitamwambia kwa simu. Nikachapisha andiko kwenye karatasi, nikalikunja kwenye mkoba, nikakata tiketi ya treni. Ilipaswa kuondoka jioni, ikaondoka asubuhi yake, abiria tumeshazoeana kama ndugu. Nilikuwa nimebeba chupa ya asali, kwa sababu kila nilipomletea kitu alikiita hongo, na singeweza kuingia Ugogo mikono mitupu. Treni iliposimama Tura wachuuzi walikuja madirishani, na mama mmoja alikuwa na mafungu ya kunde mbichi pamoja na majani yake. Nikanunua. Nikageuza majani yote upande wa chini, abiria wa mbele yangu ananitazama, mpaka nikapata jani lenye mayai ya rangi ya shaba. Hilo nikaliweka juu, lisipondwe.

Kutoka Tura hadi Dodoma nilijifunza maneno yangu. Nilitaka kuingia wodini kwa kishindo. Niliyachagua: "Gogo, mpaka saa hizi umelala, njia umemwachia nani?" Acheke kwanza. Akishacheka, ndiyo nimwambie habari ya jina, katikati ya matusi, ili nayo ipite kama tusi jingine. Niliyarudia moyoni tukipita lile pori kavu, nikayarudia kwenye bodaboda, nikayarudia kwenye ngazi za hospitali.

Mke wake alikuwa mlangoni mwa wodi. "Karibu wifi," akasema. "Mtani wako tangu asubuhi anauliza kama Pagazi ameshalipa hongo."

Nikaingia. Mtu niliyemwacha alikuwa anajaza mlango. Aliyekuwa kitandani alikuwa mdogo, shuka lilimlalia kana kwamba hakuna mtu chini yake, na mikono iliyofuga kila kitu ilikuwa imelazwa pembeni kama ya mtu mwingine. Macho ndiyo yalikuwa yake. Nilifungua mdomo kusema maneno yangu.

"Shikamoo," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Mke wake, aliyekuwa akikunja khanga nyuma yangu, aliacha kukunja. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nilisimama nikimngoja aniambie nichukue shikamoo yangu, nimrudishie marahaba yake, nitoke nje niingie upya kama pagazi mwenye akili. Alinitazama. Niliona naye anaelewa kile nilichokuwa nimeshakielewa mimi mlangoni.

"Marahaba," akasema.

Nikakaa kitandani. Baadaye akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu. "Hongo iko wapi?" Nikamwonyesha asali, nikamwekea kunde kifuani, na lile jani nikamshikia karibu na macho. Akalitazama upande wa chini, akatabasamu.

"Haya yameanza kuwa meusi," akasema. "Wamo."

"Wamo," nikasema.

"Pagazi."

"Naam."

"Ile heshima ya wazungu wako." Akapumzika kidogo. "Sasa unaweza kuiandika. Waambie nimekubali. Mdudu asije akakosa jina kwa ubishi wangu."

Andiko lilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa miguuni kwangu, limekunjwa mara mbili, limechapishwa, limekwisha. Nilikuwa nimesafiri nalo njia yote ya babu zangu ili nimpe. Nilimtazama mke wake, naye alikuwa anafuta macho kwa ile khanga.

"Nitaandika," nikasema.

"Na jina uliandike sawasawa. Wewe hujawahi kuliita, usije ukalikosea."

Nikalitaja. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele yake, na lilinisumbua mdomoni kama jina la mgeni. Akaitikia kwa kichwa kwamba ndilo. Aliomba jani libaki kwenye kikombe cha maji kando ya kitanda, ili aone wakitoka. Sikupata kujua kama aliwaona.

Kwenye mazishi, kijijini kwao, nilifanya kazi yangu. Nilijilaza njiani mbele ya wabeba jeneza nikapiga kelele kwamba leo zamu imegeuka, leo Pagazi ndiye anayetoza hongo, na gogo hili halipiti bure. Wazee wa Kigogo waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku wanalia. Wakanipa kibuyu cha maji. Nikanywa, nikasema maji yao machungu, nikawapisha, kisha nikaingiza bega langu chini ya jeneza kama wapagazi wote walionitangulia. Nilimtukana njia nzima. Nilitukana uvivu wake, kunguni wake, kucheka kwake na chakula mdomoni. Watu walisema huyu mtani anajua kazi.

Kuhusu nyigu hakuna aliyeniuliza. Wote waliamini wanalijua jina lake, na mtoto wake mkubwa alilitaja kwenye wasifu wa marehemu, mbele ya kanisa zima, kwa sauti ya fahari.

Zamu yangu ya kutupa udongo ilipofika niliinama kuliko wengine. Nilisema kwa sauti ya chini, wasinisikie wenye kucheka.

"Nirudishie shikamoo yangu, Gogo," nikamwambia. "Nirudishie, na wewe chukua marahaba yako."